Aliyeacha Pombe Asiachwe Peke Yake



Katika vijiji vyetu tunajua jinsi ya kumsaidia mtu aliyevunjika mguu. Mmoja huleta baiskeli ya kumbeba. Wengine huchanga nauli. Jirani humchungia ng'ombe wake. Mama mmoja humpelekea uji. Hakuna anayemwambia, "Simama utembee, acha uvivu." Tunajua kwamba mfupa unahitaji muda ili uunge.

Lakini mtu anayeacha pombe hatumtendei hivyo. Siku anapoacha, tunampongeza. Tunamwambia, "Vizuri, sasa umekuwa mtu." Kisha kila mmoja hurudi kwake. Baada ya wiki tatu tunasikia ameonekana kilabuni. Tunatikisa vichwa na kusema, "Tulijua tu. Mlevi ni mlevi."

Leo tutaeleza jambo moja. Kuacha pombe ni kazi ya siku chache. Kukaa bila kunywa ni kazi ya miezi na miaka. Kazi hii ya pili ni nzito kwa mtu mmoja. Huwa nyepesi kama watu wachache watagawana kazi, na kila mmoja akajua zamu yake.

ULEVI NI UGONJWA

Si kila anayekunywa pombe ni mgonjwa. Lakini yupo mtu ambaye pombe imemshika. Dalili zake ni hizi:

1. Hunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka.
2. Akianza kunywa, haachi mpaka alewe au fedha ziishe.
3. Huacha shamba, kazi na watoto kwa ajili ya pombe.
4. Pombe iliyomlewesha zamani sasa haimtoshi. Anataka nyingi zaidi.
5. Ameahidi kuacha mara nyingi, akashindwa.

Kwa nini anashindwa? Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake huanza kushindana na pombe. Pombe huvuta upande huu, na ubongo huvuta upande ule. Ni kama watu wawili wanaovutana kamba. Mmoja akiiachia kamba ghafla, mwenzake huanguka chali. Vivyo hivyo, pombe ikiondoka ghafla, ubongo huenda mbio kupita kiasi. Ndiyo sababu mtu hutetemeka, hutoka jasho na hukosa usingizi.

Kwa hiyo tusiseme tu kwamba mtu huyu hana akili au hana haya. Mwili wake umezoea pombe. Unahitaji tiba na unahitaji muda.

Ugonjwa huu ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 2 na laki 6 duniani. Wengine walikufa kwa magonjwa ya ini, ya moyo na saratani. Wengine walikufa kwa ajali na kupigana.

SIKU ZA KWANZA NI ZA HATARI

Watu wengi hudhani kuwa kuacha ghafla ndio ushujaa. Hilo si kweli kwa kila mtu. Mtu anayekunywa sana kila siku anaweza kufa akiacha ghafla bila tiba. Tazameni mambo yanavyokwenda.

Zikipita saa 6 hadi 24 tangu anywe mara ya mwisho, mikono hutetemeka. Moyo huenda mbio. Hutoka jasho, hutapika na hukosa usingizi.

Katika siku mbili za kwanza, wengine huanguka na kukakamaa kama mtu mwenye kifafa.

Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huchanganyikiwa. Hawajui walipo. Huona wadudu au watu ambao hawapo. Hupata homa. Hapo watu husema amerogwa, au ana mashetani. Sivyo. Ni ugonjwa wa kukatika kwa pombe, na unaua. Mgonjwa huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha, mtu wa namna hii aende kwanza zahanati au kituo cha afya. Aende na ndugu yake mmoja. Aseme ukweli: anakunywa pombe gani, kiasi gani, na tangu lini. Aseme pia kama amewahi kuanguka kifafa. Mpaka atakapopimwa, asiache ghafla peke yake nyumbani.

Hapa kuna jambo linalowatia watu hofu. Wengi wanakunywa gongo. Wanajua kuwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza gongo bila leseni. Basi huogopa kumwambia mganga. Ndugu, mganga si askari. Kazi yake ni kutibu, na maneno ya mgonjwa ni siri. Mganga asiyeambiwa ukweli hawezi kutoa dawa inayofaa.

Mganga akiona hatari ni ndogo, anaweza kumtibu mgonjwa akiwa anatoka nyumbani. Akiona hatari ni kubwa, atampeleka hospitali. Wanaopelekwa hospitali ni kama hawa: waliowahi kuanguka kifafa, wenye ugonjwa mwingine mkubwa, wajawazito, wazee, na wasio na mtu wa kukaa nao. Huko hupewa dawa za kutuliza ubongo pole pole. Hupewa pia vitamini B1, kwa sababu walevi wengi wana upungufu wake. Vitamini hiyo ikikosekana sana, ubongo huharibika. Nyumbani inapatikana katika dona, maharage, karanga na mtama. Lakini kwa mgonjwa huyu chakula peke yake hakitoshi. Apewe dawa.

Yafuatayo yasifanywe:

Msimfunge kamba, wala msimfungie ndani.
Msitie dawa katika chakula chake kwa siri.
Msinunue vidonge vya usingizi dukani na kumpa. Vidonge hivyo vikikutana na pombe vinaweza kuzuia pumzi.
Akianguka kifafa, msimtie kijiko mdomoni. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, kisha mpelekeni kwa mganga.

KWA NINI HURUDIA

Baada ya wiki moja hivi, mwili wa wengi hutulia. Mgonjwa anakula na mikono haitetemeki. Watu husema, "Amepona." Lakini hajapona bado. Usingizi mbaya, huzuni na hamu ya pombe huweza kukaa kwa wiki nyingi, hata miezi.

Naye amerudi katika kijiji kile kile. Njia ya kwenda shambani inapita kilabuni. Marafiki zake wote ni wanywaji. Siku ya mnada wanamwita, "Njoo upate kidogo tu, huwezi kufa." Akikataa, wanamcheka. Kwenye arusi anapewa pombe. Kwenye msiba anapewa pombe. Akienda kusaidia kulima, ujira ni pombe. Akiuza pamba au kahawa, mfuko umejaa fedha na hana la kufanya jioni.

Yapo mambo manne yanayomsukuma mtu kurudi kwenye pombe. Yashikeni kwa vidole vinne vya mkono mmoja: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mtu mwenye njaa hutafuta pombe kama chakula. Mwenye hasira huitafuta ili atulie. Mpweke huitafuta ili apate watu. Aliyechoka huitafuta ili alale. Ukiangalia vizuri, mambo haya yote manne yanaweza kupunguzwa na majirani. Hakuna hata moja linalohitaji daktari mkubwa.

MFANO WA SEREMALA

Katika kijiji kimoja tunachokihudumia, seremala mmoja alitibiwa hospitali, akarudi nyumbani bila kunywa. Ana kaka watatu, na wote wanampenda. Kaka mkubwa alidhani mdogo wake wa pili anamtembelea. Wa pili alidhani wa tatu anafanya hivyo, maana ndiye aliyekaa karibu. Wa tatu alidhani kaka mkubwa ndiye mwenye wajibu. Basi hakwenda mtu. Wiki ya nne seremala alitengeneza mlango. Mwenye mlango hakuwa na fedha, akamlipa madebe mawili ya pombe.

Aliporudi zahanati, tuliwaita kaka wote watatu, pamoja na mkewe na mzee mmoja wa jirani. Hatukuwauliza nani ana kosa. Tuliuliza: nani atafanya nini, na siku gani? Waliandika majibu katika daftari la mtoto wa shule. Kaka wa pili alikwenda kwa watu wanaompa seremala kazi. Akawaambia, "Ndugu zangu, kuanzia leo mlipeni fedha au mahindi. Msimlipe pombe." Wengi walikubali. Hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Seremala huyo ameanguka mara mbili tangu wakati ule. Mara zote mbili alipatikana siku hiyo hiyo, kwa sababu palikuwa na mtu wa zamu. Leo anafanya kazi, na watoto wake wana madaftari.

JINSI YA KUPANGA KUNDI LA MSAADA

Hatua ya kwanza: Mwulizeni mwenyewe. Kundi lisiundwe bila yeye kujua. Mtu anayelindwa kama mwizi hukimbia. Mke au ndugu amwambie kwa heshima, "Tunataka tukusaidie. Ungependa nani na nani wajue habari zako?" Yeye mwenyewe achague. Mtu asiyemtaka asiingizwe, hata kama ni mkubwa wa ukoo.

Hatua ya pili: Chagueni watu wachache. Wanne mpaka sita wanatosha. Wawe watu wasiokunywa, au wanaoweza kukaa bila kunywa wakiwa naye. Wawe watu wa kutunza siri. Inafaa awemo mtu mmoja wa nyumbani, jirani mmoja, mtu mmoja wa kazi yake, na mtu mmoja wa dini yake kama ni mtu wa ibada. Kama kijijini yupo mtu aliyewahi kushikwa na pombe akaacha, huyo ni dhahabu. Anajua njia, maana ameipita kwa miguu yake.

Hatua ya tatu: Mteueni msimamizi mmoja. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Msimamizi hafanyi kazi zote. Kazi yake ni kujua nani ana zamu leo, na kutafuta mwingine kama mwenye zamu ni mgonjwa au amesafiri. Ndiye pia anayepeleka habari zahanati.

Hatua ya nne: Kila mtu apewe kazi moja. Kazi iwe ndogo na iwe wazi. Kusema "tumsaidie" si kazi. Kusema "Jumanne jioni nitakaa naye mpaka saa 2 usiku" ni kazi. Mtu anaweza kujua kama ameifanya au hakuifanya.

Hatua ya tano: Andikeni. Sisi tunaojua kusoma na kuandika tutumie elimu hiyo. Chukueni daftari. Andikeni siku, jina la mwenye zamu, na kazi yake. Kazi ikifanyika, wekeni alama. Hapa kuna mfano:

Jumatatu: Mjomba. Kwenda naye shambani asubuhi kwa njia ya mtoni, isiyopita kilabuni.
Jumanne: Jirani. Kukaa naye jioni, kuanzia saa 11 mpaka saa 2 usiku.
Jumatano: Kaka. Kwenda naye zahanati.
Alhamisi: Mwenzake wa kazi. Kufanya naye kazi. Malipo si pombe.
Ijumaa: Shemeji. Kumtembelea, kula naye, kuuliza anavyolala.
Jumamosi, siku ya mnada: Kaka na jirani. Kwenda naye na kurudi naye kabla ya saa 9 mchana.
Jumapili: Wote. Mkutano mfupi, kisha chakula.

Siku za ibada za watu si moja, na siku za mnada hutofautiana. Kila kijiji kipange kwa jinsi kilivyo. Daftari likae kwa msimamizi, lisizungushwe ovyo. Likionekana kilabuni, kazi yote imeharibika.

Hatua ya sita: Mkutane mara moja kwa wiki. Mkutano uwe wa nusu saa tu. Mgonjwa awepo. Yeye ndiye aanze kusema. Mwulizeni mambo matatu: Wiki hii ni siku gani ilikuwa ngumu? Ni nini kilikusaidia? Wiki ijayo kuna hatari gani? Kama wiki ijayo kuna arusi, pangeni leo: aende na nani, akae wapi, anywe nini, arudi saa ngapi. Kungoja mpaka ngoma ilie ni kuchelewa.

Hatua ya saba: Pangeni habari ya fedha. Wakati wa kuuza mazao ndio wakati wa hatari kubwa. Mgonjwa na mkewe wakubaliane mapema. Fedha ziingie wapi? Nani aende kuzipokea? Kwanza kitanunuliwa nini? Siku hizi malipo mengi hupita katika simu, kwa hiyo wakubaliane pia juu ya simu. Lakini asinyang'anywe fedha zake kwa nguvu. Mtu mzima akifanywa mtoto hukasirika, na tumekwisha sema kuwa hasira ni moja ya yale mambo manne.

Miezi mitatu ya kwanza zamu ziwe za kila siku. Akiendelea vizuri, zipunguzeni pole pole. Lakini kundi lisivunjike kabla ya mwaka mmoja. Mwaka mzima una mavuno yake, sikukuu zake na misiba yake. Mgonjwa anahitaji kuvuka kila moja angalau mara moja bila pombe, akiwa na watu wake.

MANENO YA KUSEMA NAYE

Maneno ni dawa, na maneno ni sumu. Tuchukue mfano wa shemeji aliyemkuta mgonjwa amekaa peke yake jioni, uso umemkunjamana. Akimwambia, "Shemeji, umeanza tena mambo yako?" amemfukuza. Akimwambia, "Shemeji, leo naona kumekuwa kugumu. Njoo tukae kwangu, wali u karibu kuiva," amemwokoa kwa jioni hiyo. Jioni moja ni kitu kikubwa. Hamu kali ya pombe huja kama mvua ya radi. Hupiga kwa nguvu, kisha hupita. Kazi ya mwenye zamu ni kukaa naye mpaka ipite.

Tuache pia kumwita "mlevi" au "chapombe". Hata watoto wakatazwe. Aitwe kwa jina lake, au kwa jina la mtoto wake, kama baba yeyote.

AKIRUDIA KUNYWA

Wengi wanaoacha pombe huanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama kabisa. Kuanguka si mwisho. Aliyeanguka na baiskeli huinuka, hukung'uta vumbi na kupanda tena. Hatari ni kubaki chini.

Akianguka, fanyeni hivi:

Mwenye zamu amfuate siku hiyo hiyo. Asingoje mkutano.
Asigombane naye akiwa amelewa. Amfikishe nyumbani salama, kisha wazungumze kesho.
Kesho wamwulize bila kumhukumu: Jambo hili lilianza wapi? Ulikuwa na njaa, hasira, upweke au uchovu? Tubadilishe nini?
Kama amekunywa sana kwa siku kadhaa mfululizo, asiache ghafla. Arudi kwanza kwa mganga, kama mwanzo.
Akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni kamba, visu na dawa za shambani. Mpelekeni hospitali.

NYUMBA YAKE NAYO ISAIDIWE

Mara nyingi tunamwangalia anayekunywa na kumsahau mkewe. Huyu mama amelala macho miaka mingi. Amelima peke yake na amevumilia matusi. Kundi lisimwongezee mzigo wa kumlinda mumewe usiku na mchana. Ampumzike mtu. Mama mwenzake amsaidie kuchota maji au kupalilia. Naye apate mtu wa kumwambia yaliyo moyoni.

Kama mume anampiga, usalama wa mama na watoto ndio wa kwanza. Kuacha pombe si sababu ya kuvumilia kipigo. Aende kwa jamaa zake, kwa viongozi wa kijiji, au polisi kwenye dawati la jinsia na watoto.

Lipo jambo lingine ambalo ni gumu kulisema. Katika nyumba nyingi, mke ndiye anayepika pombe ya kuuza. Fedha za pombe hiyo hununua chumvi, sabuni na sare za shule. Hatuwezi kumwambia tu, "Acha," kisha watoto walale njaa. Lakini pia mume hawezi kupona akilala chumba kimoja na mapipa ya pombe. Hapa ndipo kundi lipime uwezo wake. Je, pombe inaweza kupikwa na kuuzwa mahali pengine, mbali na nyumba? Je, kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kumpa mama mtaji wa kuuza maandazi, dagaa au mboga? Je, fedha ambazo mume hanywi tena zinaweza kuwa mtaji huo? Kaeni mpige hesabu kwa kalamu. Nyumba nyingi zitashangaa kuona kiasi kilichokuwa kikiingia kilabuni kwa mwezi.

Wapo pia wanawake walioshikwa na pombe. Hao huficha zaidi, kwa sababu aibu yao hufanywa kubwa zaidi. Wanahitaji kundi kama hili hili, lenye wanawake wenzao.

JAMBO HILI SI GENI

Msaada wa watu kwa watu umejaribiwa mahali pengi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walikutana watu wawili walioshikwa na pombe. Mmoja, Bill Wilson, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa miezi michache bila kunywa. Alikuwa safarini, biashara yake ikaharibika, akaona hamu ya pombe inamrudia. Badala ya kwenda kunywa, alitafuta mtu mwingine mwenye shida kama yake ili wazungumze. Akampata daktari Bob Smith. Wakasaidiana. Kutokana na hao wawili vilianza vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, na leo vipo katika nchi nyingi. Fundisho lake ni hili: anayemsaidia mwenzake naye husaidika.

Hapa Tanzania, wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaamua kazi ya kufanya. Walichimba vyoo na kusafisha vijiji. Njia ile ya kukaa, kujadili na kugawana kazi inafaa pia kwa jambo hili.

Kwa watu walioshikwa na heroini, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011. Baadaye vituo vingine vilifunguliwa. Mgonjwa hunywa dawa hiyo kila siku mbele ya mhudumu, na hamu ya heroini hupungua. Methadoni si dawa ya pombe. Lakini hata huko imeonekana kuwa dawa inahitaji watu: familia ya kumpokea mgonjwa, kazi ya kufanya, na mtu wa kumwuliza hali yake.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku pombe kali za viroba, zile zilizouzwa katika mifuko midogo ya plastiki. Hilo lilisaidia kuondoa pombe ya bei ndogo mifukoni mwa vijana. Lakini sheria haiwezi kukaa na mtu jioni mpaka hamu ipite. Kazi hiyo ni ya jirani.

TUANZE NA MTU MMOJA

Kijiji kisingoje wafadhili, jengo wala gari. Kinachohitajika ni daftari moja, kalamu moja, watu watano wenye siri, na zahanati inayojua habari zao. Anzeni na mtu mmoja anayetaka kuacha. Mkimvusha mwaka, yeye atakuwa wa kwanza katika kundi la mtu wa pili.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona mganga?
2. Taja mambo manne yanayomrudisha mtu kwenye pombe. Katika kijiji chetu ni lipi lina nguvu zaidi?
3. Ni kazi gani kijijini kwetu hulipwa kwa pombe? Tunaweza kulipa kwa kitu gani kingine?
4. Kwenye arusi na misiba yetu, je, kuna kinywaji kwa mtu asiyetaka pombe?
5. Andikeni katika daftari zamu za wiki moja kwa kundi la watu watano. Msiandike jina la mgonjwa.

Mkimaliza, msomeeni makala hii kwa sauti jirani asiyejua kusoma.